Nilinunua bunduki kabla ya kuulizia misumari

Aliyeanza kuleta balaa ni mwanangu wa darasa la pili. Aliwatangazia wenzake kwamba baba kanunua bunduki, na kabla ya magharibi mjumbe wa mtaa wetu hapa Isevya, Tabora, alikuwa amesimama mlangoni, kiti kakikataa. "Mwalimu, kuna neno nimelisikia." Nikamwingiza ndani, nikafungua boksi. Akaigeuzageuza ile bunduki ya misumari, akachungulia mdomo wake, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hii inaua nini?"

Kusema kweli, wakati ule ilikuwa haiui hata mbao.

Mimi nafuga nyuki kidogo, mizinga yangu iko shambani njia ya Sikonge. Mizinga ya masanduku naitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Kwa nyundo, mzinga mmoja ulikuwa unanila Jumamosi nzima, na fremu za ndani ndizo zilizonichosha zaidi: kile kijiti chembamba ukikipiga msumari kinapasuka, ukipunguza nguvu fremu inacheza, na fremu inayocheza ikijaa asali inaachia. Likizo moja nikiwa Dar es Salaam nilimwona fundi wa dari akipiga mkanda kwa mashine ya upepo, ta, ta, ta, chumba kizima kwa muda wa kunywa chai. Nikasema hii ndiyo dawa yangu.

Nikaingia Kariakoo na akiba ya asali ya msimu mzima. Muuzaji akaniuliza kazi gani, nikamjibu kwa kujidai: "Mbao." Akanipa kompresa, yaani mashine ya kubana upepo kwenye tangi, ya lita 50, nguvu ya farasi (HP) 2, na bunduki kubwa ya kupaulia, ile ya misumari ya milimita 90 iliyopangwa kwenye ukanda wa plastiki. Nzito kama jiwe la kusagia, ila inapendeza mkononi. Pakiti mbili za misumari zikaisha siku ya pili, nyingi nikizipiga kwenye magogo kuwafurahisha watoto. Nikazunguka maduka yote ya vifaa vya ujenzi mjini. Jibu lilikuwa lile lile: "Mwalimu, sisi misumari tunapima kwa kilo."

Kompresa nayo ikaleta yake. Jioni ya kwanza iliwaka vizuri, jioni ya pili ikawa inaguna tu, uuuu, taa ya sebuleni ikififia, haizunguki. Nikajua nimeuziwa bovu. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi sofa ambaye mashine yake naisikia kila siku nikipita.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na ile bunduki?" Habari ilikuwa imeshafika.

Alikuja nyumbani, hata kompresa hakuigusa. Aliutazama waya wa ekstensheni, mita thelathini, mwembamba wa kuchomekea redio. "Huu waya unakula umeme njiani," akasema. Mota ya HP 2 ni kama wati 1500 ikishazunguka, lakini ule wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Waya mwembamba na mrefu, saa ambayo mtaa mzima umewasha pasi na friji, mota haipati nguvu ya kusukuma pistoni, na ukiiacha igune hivyo inaungua. Dawa yake ni rahisi: kompresa ikae jirani na soketi kwa waya mfupi mnene, mpira wa upepo ndio uwe mrefu. Nilinunua mpira wa mita 15, ugonjwa ukapona.

Akanionyesha na jambo la pili. Umeme ukikatika mashine ikiwa inazunguka, upepo unabaki umebana juu ya pistoni, na umeme ukirudi mota inashindwa kuanza. Kwa hiyo ukikatika tu, nenda ukaizime mwenyewe kwa swichi ya juu. Utasikia tsss fupi. Usipoisikia, usiwashe.

Bunduki aliisema kwa upole, maana aliona nimeumia. Yeye anatumia kompresa ya lita 24 na bunduki ya pini, zile za miguu miwili kama za stepla, miaka yote, kwa sababu pini zake anazipata dukani Tabora hapa hapa. Alianzia kwenye pini, akaja kwenye bunduki, kompresa ikawa ya mwisho. Mimi nilifanya kinyumenyume.

Basi nikaanza upya. Dukani nikaulizia kwanza misumari ipi haikosi. Ilikuwepo ile myembamba ya geji 18 (geji ni kipimo cha unene), kuanzia F30, yaani milimita 30, hadi F50. Nikaagiza bunduki yake, nyepesi, inayotosheka na mgandamizo wa upepo wa baa 5 hadi 7. Baadaye nikaongeza ya pini nyembamba, geji hiyo hiyo, mgongo wa pini, ule unaounganisha miguu miwili, kama milimita 6. Kwa fremu za nyuki hii ndiyo mfalme: tone la gundi ya mbao, pini mbili kila kona, na kijiti hakipasuki. Fremu kumi sasa ni kazi ya kabla ya chai.

Zana ndogo namna hii zinakunywa upepo kidogo sana, lita 24 zingenitosha kabisa. Lita 50 zangu ni mzigo tu wa kusukuma, japo siziuzi. Anayetaka kupiga rangi kwa kupuliza ndiye ahangaike na ukubwa, na asome lita kwa dakika zinazotoka, si zinazoingia, kwa sababu maboksi mengi huandika zinazoingia na zinazotoka ni pungufu. Kompresa zisizotumia oili sizipendi. Ni nyepesi kubeba, ila kelele yake, na mimi nina bibi jirani anayelala mchana.

Mninga nilijifunza kwa damu. Nilitaka kumtengenezea mke wangu kabati la vyombo, mbao kavu ya mninga, nikaweka F50. Msumari uliingia, ukafuata mshipa wa mbao, ukachomokea ubavuni na kunichana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Siku hizi mkono ulioshika mbao unakaa mbali kuliko urefu wa msumari, na mninga naitoboa kwa drili kisha nafunga skrubu. Paini haina shida hizo.

Masika nafungua koki ya chini ya tangi kila nikimaliza. Maji ya rangi ya chai yanatoka, wakati mwingine nusu kikombe, na hayo yakilala humo tangi linaoza kwa kutu kutokea ndani. Bunduki naitilia matone mawili ya oili ya cherehani pale mpira unapoingia. Msumari ukikwama, mpira nauchomoa kwanza, halafu ndiyo nafungua mdomo.

Ile bunduki kubwa iko juu ya kabati la mninga, ndani ya boksi lake. Wiki iliyopita mjumbe alikuja kuniomba nimpigie mkanda wa dari sebuleni kwake, akasisitiza nije na ile iliyomleta siku ile. Nikamwambia hiyo haina risasi.