Tabora hadi Urambo, kwa mwendo wa pole

Habari ya msiba wa mjomba ilitufikia asubuhi, Novemba 2018. Maziko Urambo, baada ya Adhuhuri. Mama mkubwa alitaka kitu kimoja tu: amwone kaka yake uso kabla jeneza halijatolewa nyumbani. Hadi tunaondoka Tabora mjini ilikuwa saa tano kasoro, na mbele yetu kilometa kama 90. Siku ya jua ningemfikisha.

Hatujafika mbali, mvua ikashuka, ya kwanza ya msimu. Hiyo ndiyo naiogopa kuliko za Januari. Kiangazi chote lami inakusanya vumbi na oili inayodondoka kwenye magari, na mvua inapoanza inavilainisha tu kabla haijapata nafasi ya kuviosha. Nikashuka hadi 50, nikawasha taa, nikaliacha Fuso lililokuwa mbele yangu lisogee mbali.

"Mwanangu, tunakwenda kuzika au kutalii?"

"Mama, barabara inateleza."

"Mbona wenzio wanapita?"

Kweli walikuwa wanapita. Vioo navyo vikaingia ukungu. AC ya kigari changu ilikuwa imekufa siku nyingi, ikabidi nishushe vioo vya pande zote mbili kidogo, mvua ikamrukia begani. Akavuta ncha ya kanga, akawa ananifutia kioo cha mbele huku analalamika, na sijui kama nimewahi kupata tingo mzuri kuliko yeye.

Tulipoipita Ndono tulikuta kipande ambacho malori yalishaibonyeza lami, maji yamesimama kwenye mifereji miwili ya matairi. Ghafla usukani ukawa mwepesi mikononi. Anayeendesha anaijua hali hiyo: tairi limeacha lami, liko juu ya maji, na ukikanyaga breki hapo umejimaliza mwenyewe. Nikaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikaushika usukani ulivyo, sikukata kulia wala kushoto. Gari likaelea kidogo, kisha nikausikia usukani unakuwa mzito tena. Mama mkubwa hakujua lolote. Alikuwa kwenye simu anauliza kama maiti imeshaoshwa.

Kutoka hapo sikuzidisha 40. Basi moja likatupita kwa kasi, likatumwagia maji kioo kizima, kwa muda sikuona hata boneti. Usoke mvua ilizidi waipa, nikatoka kabisa barabarani, nikaegesha kwenye uwanja wa maduka tukangoja. Hapo mama mkubwa aliacha kusema. Afadhali angeendelea kunisema.

Tuliingia Urambo saa nane inakaribia. Lile basi lilikuwa limepaki stendi, zima kabisa, abiria wameshashuka, na mama mkubwa akanyoosha kidole kunionyesha. Nyumbani tukakutana na wanaume wanarudi makaburini, suruali zimekunjwa, viatu mkononi.

Akina mama walipomuuliza kilichomchelewesha, alijibu, "Muulizeni dereva wangu." Sikujitetea. Ningemweleza nini mtu aliyekosa kumwona kaka yake, kwamba usukani ulikuwa mwepesi?

Jioni ya kuamkia siku ya arobaini nilimpigia simu, nimwambie nitampitia saa kumi na mbili asubuhi ili tuwahi. Akanishukuru vizuri tu, akasema tiketi ya basi ameshakata.