Violent Femmes bila woofa

Kilichonichelewesha kuielewa albamu ya kwanza ya Violent Femmes, bendi ya Marekani, ile ya 1983, ni woofa. Hapa Kondele, Kisumu, redio nyingi zimefunguliwa besi mpaka mwisho, na benga, muziki wa gitaa wa huku, inapenda hivyo. Folk-punk, mtindo wa bendi hii unaochanganya muziki wa kiasili na ukali wa punk, haipendi. Brian Ritchie alipiga besi ya akustika, gitaa nene lenye tumbo la mbao, na utamu wake umo katika kishindo cha kidole kinapogonga waya. Ukiongeza besi, kishindo kinamezwa, unabaki na mgurumo.

Basi nikarudisha ikwalaiza yote kwenye sufuri, nikachomeka spika za masikioni za waya. Faili nazo zina mambo yake. Nilikuwa nasikiliza kwa kilobiti 96 kwa sekunde ili kubana bando, na hapo brashi za mpiga ngoma wao, Victor DeLorenzo, juu ya ngoma hugeuka mvua ya kwenye bati. Kwa MP3 ya kilobiti 320 unausikia kila mfagio peke yake. Albamu ni dakika 36 hivi, kwa hiyo inakula kama MB 86. Ipakue mara moja penye waifai, yaishe.

Lakini kilichonifungulia mlango hasa ni nyatiti, kinubi cha Waluo kiitwacho pia thum. Mpiga thum hukaa chini, nyuzi nane mikononi, gara, yaani njuga, mguuni, oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, na bado anaimba. Mtu mmoja, bendi nzima. DeLorenzo naye aliachana na seti kubwa ya ngoma: alipiga akiwa amesimama, ngoma ndogo mbele yake na kikapu cha chuma kilichofunikwa juu ya ngoma nyingine, chombo alichokiita tranceaphone. Raundi ya kwanza nilifuata kikapu tu, ya pili besi, ya tatu ndipo maneno. Ukianza na maneno utakwama kwenye sauti ya mwimbaji, Gordon Gano, inayopita puani na kukatika kama ya kijana aliyebalehe jana. Nyingi za nyimbo hizi alizitunga akiwa bado sekondari, na inasikika.

Wimbo wa 9 una zailofoni, wa 10 una fidla. Aliyelelewa na orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, atatabasamu. Ukikuta nyimbo 12, hilo ni toleo la CD, mbili za mwisho zimeongezwa baadaye. Mimi huzima fidla inapoisha.