Mikono ilipopanda

Leo daktari wa timu ametufundisha kuhusu mtikisiko wa ubongo, sisi wachezaji wa raga wa chuo.

Akauliza: nani amewahi kugongwa kichwa, akaona nyota, akaendelea kucheza?

Kimya.

Kisha mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja. Wangu pia.

Nilidhani si mtikisiko mpaka uzimie. Kumbe wengi hawazimii kabisa! Na dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku. Ukishukiwa tu kuwa nao, unatoka, na siku hiyo huruhusiwi kurudi uwanjani.

Nahodha wetu, pande la mtu, alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka. Msimu uliopita alisahau matokeo ya mechi aliyocheza mwenyewe, akanyamaza asije akawekwa benchi.

Bado naufikiria ule mkono.

Wenzangu, nanyi mmewahi kuficha? Niambieni.