Njiani Kwenda Nachingwea

Basi lilitoka Mtwara kabla jua halijachomoza. Mikindani tuliipita kungali giza. Mnazi Mmoja wauza korosho walitukimbilia madirishani, na kuanzia hapo ikawa mikorosho mpaka Masasi.

Nilikuwa naenda kuiona ardhi ambayo Waingereza waliifyeka kwa matingatinga ili walime karanga, katika mradi walioanza mwaka 1947. Gati likajengwa Mtwara, reli ikalazwa mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafa, na reli baadaye ikang'olewa. Nilimwambia babu niliyekaa naye kwamba nafuata nyayo za walowezi.

"Wale wa karanga walikuwa waajiriwa, mjukuu wangu," alisema. "Mkataba ukiisha wanapanda meli. Mlowezi ni yule aliyekuja kulowea, kukaa daima. Huyo sisi tulimwacha ng'ambo ya Ruvuma."

Yeye ni Mmakonde wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Alivuka mto akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake, baada ya askari wa Kireno kuwafyatulia risasi watu waliokusanyika pale Juni 16, 1960.

Neno lake hilo, kulowea, lilinifungua macho. Miaka ya 1950 serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno, ilikuwa ikiwasafirisha wakulima maskini kutoka Ureno hadi bonde la Limpopo huko Msumbiji, ikiwapa nyumba na mashamba ya umwagiliaji. Wenyeji walihamishwa kuwapisha. Afrika Kusini kazi hiyo ilifanywa na sheria: ile ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao. Mimi nilikuwa nimezoea kuwaza bunduki. Lakini bunduki huvunja upinzani tu. Kinachomwondoa mtu moja kwa moja ni hati ya shamba lake kuandikwa jina la mgeni, na mgeni huyo kuja na mke na watoto.

Ndiyo maana Nachingwea ina uzito kwangu. Mahali palipofyekwa kwa ajili ya karanga za Uingereza, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifungua kambi mwaka 1965, na waliopata mafunzo hapo wakaenda kupigania ardhi hiyo ya ng'ambo. Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975.

Tuliposhuka nilimbebea babu kiroba chake, nikamuuliza kama amewahi kurudi Mueda.

"Nimekwenda mara mbili. Shamba la baba lipo. Mdogo wangu amepanda mikorosho."