Umeme Ukikatika: Mshumaa Usimame Wapi, Uzimwe Lini

Umeme ukikatika usiku, nyumba nyingi hufanya yaleyale. Mtu anapapasa kabatini, anatoa mshumaa mweupe, anadondosha matone ya nta juu ya kifuniko cha ndoo, au juu ya friji, au mezani penyewe, anausimamisha hapo na shughuli zinaendelea. Kwa saa ya kwanza kwa kawaida hakuna tatizo. Hatari iko mwishoni, wakati watu wameshausahau na wengine wameshalala.

Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta. Utambi hufyonza nta iliyoyeyuka, joto huigeuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Mshumaa ukiwa bado mrefu, nta iliyoyeyuka ni kidogo tu pale juu, na utambi umeshikiliwa na nta ngumu iliyo chini yake. Ukibaki kipande kifupi mambo hubadilika. Nta yote iliyosalia inaweza kuyeyuka kwa pamoja, utambi ukakosa cha kuushikilia, ukalala ubavu huku unawaka. Sasa moto umegusa pale mshumaa ulipokuwa umesimama. Kama ni kifuniko cha plastiki, kinalainika, kinatoboka, kisha kinawaka, na ile nta inazidi kuuchochea moto. Ndiyo maana mshumaa uzimwe ukibaki sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Usikionee uchungu kipande kilichobaki ukidhani unapoteza pesa. Weka vipande pembeni, washa mpya.

Kinara ndicho cha kwanza kutengeneza, na kitengenezwe mchana. Tafuta kopo la chuma au bakuli zito la udongo lenye kitako kipana. Jaza mchanga mkavu kina cha sentimita 6 hivi, zamisha mshumaa sentimita 3, ushindilie mchanga pembeni mpaka usiyumbe ukiutikisa. Kisha weka kopo lote juu ya sahani ya bati au kigae. Angalizo moja: nta ikidondoka na kulowanisha mchanga, mchanga wenyewe unaweza kufanya kazi ya utambi na kutoa mwali mpana kuliko ulioutaka. Toa tabaka lililoganda kabla ya kuwasha tena, na zile sentimita 5 zihesabiwe kuanzia juu ya mchanga. Chupa tupu ya soda si kinara: kitako ni chembamba, uzito wa mshumaa uko juu kabisa, na mtoto akiisukuma meza kidogo tu inalala. Glasi nyembamba nayo hupasuka mwali ukifika chini.

Utambi ukatwe mpaka ubaki milimita 6 kila mara kabla ya kuwasha, mshumaa ukiwa umepoa. Utambi mrefu huvuta nta nyingi kuliko inayoweza kuungua vizuri. Ndipo unapoona mwali mrefu unaorukaruka, moshi mweusi na masizi ukutani. Ukiona kinundu cheusi kwenye ncha ya utambi, kiondoe. Kikianguka kwenye nta iliyoyeyuka kinaweza kuwaka kama utambi wa pili. Njiti za kiberiti zilizoungua nazo zisitupwe humo, ingawa karibu kila mtu hufanya hivyo.

Sasa mahali. Acha sentimita 30 kila upande kati ya mshumaa na chochote kinachoweza kuungua, na juu yake kuwe wazi zaidi ya hapo, kwa sababu joto hupanda. Rafu iliyo juu ya mshumaa huungua hata kama mwali haujaigusa. Dirishani pasitumike kabisa: pazia linapepea, na upepo unafanya mshumaa uyeyuke upande mmoja. Chumbani penye chandarua usiuingize hata kwa dakika mbili za kutafuta simu. Vyandarua vingi ni nyuzi za plastiki. Zikishika moto huyeyuka, zinadondoka na kuganda kwenye ngozi. Nyumba ya makuti inataka tochi, si mshumaa.

Kuna jambo watu wengi hulisahau: swichi. Umeme ukirudi saa nane usiku, feni iliyoachwa imewashwa inaanza kuzunguka, inapeperusha pazia na makaratasi kuelekea kwenye mwali. Pasi nayo inaanza kupata moto juu ya nguo. Umeme ukikatika tu, kabla hata ya kutafuta kiberiti, zima feni, pasi na jiko la umeme.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala mshumaa, wala usiguse swichi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni. Funga mtungi, fungua milango, toka nje. Mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto. Jenereta nayo isijazwe petroli kwa mwanga wa mshumaa, maana mvuke wake husambaa mbali na dumu. Dawa ya mbu ya kopo pia isipulizwe mshumaa ukiwaka.

Kuzima, usipulize kwa nguvu. Nta ya moto huruka. Funika mwali kwa kijiko kikubwa cha chuma au kopo dogo, kisha subiri mpaka ile nukta nyekundu kwenye utambi ife. Ule moshi mweupe unaobaki bado una mvuke wa nta, na ukiusogezea njiti inayowaka utaona mshumaa unawaka tena bila kuguswa. Kama nta yenyewe imeshika moto kwenye kopo au sufuria, usimwagie maji: yanageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka hadi usoni. Funika kwa kifuniko cha chuma au mwagia mchanga mkavu kwa wingi, na usifunue mpaka chombo kipoe kabisa.

Mtoto anayesoma apewe taa ya sola au tochi. Akisinzia juu ya daftari, nywele na mikono ya nguo viko karibu mno na moto. Mshumaa ukae tu pale alipo mtu mzima aliye macho, na akitoka chumbani auzime.

Aliyemwagikiwa nta awekwe chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mmiminie kwa kata polepole. Vua pete na saa mapema kabla ya uvimbe. Nta iliyogandamana na ngozi usiibandue kwa nguvu. Dawa ya meno, unga, mafuta na barafu visipakwe. Funika kwa kitambaa safi, na kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kiko usoni, mikononi au sehemu za siri, au ni mtoto mdogo, nendeni hospitali usiku huohuo.