Kabla ya katriji, utazame mkono

Usinunue katriji, kile kichwa kidogo chenye sindano kinachofungwa mwisho wa mkono, kabla ya kujua uzito wa mkono wa pleya yako ya santuri. Mkono mzito ukifungwa katriji yenye sindano inayonesa sana, mtetemo wao wa pamoja hushuka chini ya hezi 8 (mitetemo 8 kwa sekunde). Santuri ikiwa imepinda kidogo tu, sindano huruka na spika za besi hutikisika ovyo. Lenga hezi 8 hadi 12: mkono mwepesi na sindano inayonesa, mkono mzito na sindano ngumu.

Kisha amplifaya. Katriji ya sumaku inayosogea hutoa takriban milivolti 3 hadi 6, na ingizo la kawaida la fono (tundu la pleya kwenye amplifaya), lenye ukinzani wa kiloomu 47, linaitosha. Ile ya koili inayosogea mara nyingi haifiki milivolti 1, hivyo huhitaji kikuzaji cha ziada. Kwa wengi napendekeza ya sumaku, maana sindano ikilika huchomolewa ikawekwa mpya.

Na tafadhali, usipunguze uzito wa sindano, yaani nguvu inayoikandamiza kwenye santuri, ukidhani unaitunza santuri. Mtengenezaji akisema gramu 2, pima 2 kwa mizani. Sindano nyepesi mno hugongagonga kuta za mfereji na kuziharibu.