Boti, pikapu na mizani ya bafuni

Kabla sijavuta chochote, watu walikuwa wameshanifundisha kila kitu. Huyu anasema bila injini kubwa usithubutu, yule anataka nibadili springi, mwingine ananishauri niuze pikapu nitafute kigari cha mizigo. Ukitamka tu kwamba una boti ya faiba ya mita 5 na pikapu ya kawaida ya milango minne, kila mtu anageuka dereva wa masafa marefu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la maana: pua ya trela, ile ncha ya mbele inayokalia gari, ina kilo ngapi?

Nguvu haikuwa tatizo hata siku moja. Matoleo mengi ya Hilux, Ranger na D-Max yameandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500, mradi trela liwe na breki zake. Lisilo na breki, mwisho wake kwa kawaida ni kilo 750. Mimi nilipitisha trela langu kwenye mizani ya malori, boti ikiwa juu, mashine ya farasi 60 nyuma, mafuta, betri, nanga na makorokoro yote ndani. Likasoma kilo 1,080. Hata theluthi ya hizo 3,500 haifiki. Kwa hiyo breki za trela ni lazima, lakini injini ya gari haikuwa na haja ya kunung'unika, na wala haikunung'unika.

Profesa mkuu wa washauri wangu alikuwa shemeji. Yeye nadharia yake ilikuwa moja: gari isiiname nyuma.

“Shem, gari ikiinama, taa zinamulika mawinguni na usukani unakuwa mwepesi,” akaniambia. “Rudisha vitu vyote tezi, nyuma ya boti. Pua iwe nyepesi, uinue kwa mkono mmoja.”

Sentensi ya kwanza ni kweli, ndiyo maana ya pili ilipita bila kuulizwa. Matangi mawili ya petroli ya lita 30 yakaenda nyuma kabisa karibu na mashine, nanga ikafuata, na sanduku la zana likafuata. Shemeji akainua pua kwa mkono mmoja kweli, akaishusha, akaiinua tena ili majirani waone. Alifurahi sana.

Tulichelewa kidogo kuondoka kwa sababu ya tufe la chuma linaloshika trela. Alilokuja nalo lilikuwa la inchi 1 na 7/8, ambalo ni milimita 47 na ushee, wakati kikombe cha trela langu ni cha milimita 50. Linaingia vizuri tu, hata kitasa kinafunga, halafu kwenye tuta la kwanza linachomoka. Angalieni namba, huwa imegongwa juu ya tufe na ubavuni mwa kikombe. Na mkishafunga kitasa, pandisheni pua ya trela kwa jeki yake ya mbele. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja na trela, kimeshika. Kikombe kikipanda peke yake, shukuruni kwamba mmejulia nyumbani. Minyororo ya usalama ipite chini ya pua kwa kupishana, ili trela likichomoka pua iangukie juu ya minyororo isichimbe lami.

Haya, barabarani. Hadi kilomita 60 kwa saa, raha mustarehe. Shemeji amekaa pembeni yangu anachagua muziki. Tukafika kwenye mteremko mrefu, mshale ukasogea hadi 80 hivi, basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ukaipiga boti ubavuni na trela likaenda kushoto kidogo. Likarudi, likapitiliza kulia. Likarudi tena, safari hii likapitiliza zaidi. Kwenye kioo nikawa naona omo, yaani mbele ya boti, upande mmoja, mara upande wa pili, na kila likirudi linatingisha matako ya pikapu, hadi usukani ukawa unajizungusha wenyewe mikononi mwangu.

“Breki! Shem, breki! Kanyaga breki!”

Sikukanyaga. Nilitoa tu mguu kwenye mafuta, nikashika usukani mnyoofu bila kufukuzana na trela, nikaiacha gari ipoteze mwendo taratibu. Ukikanyaga breki kwa nguvu hapo, gari inapungua mwendo kwanza, kilo elfu moja zilizoko nyuma bado zinataka kwenda, na kwa kuwa haziko kwenye mstari zinakusukuma kwa ubavu. Hivyo ndivyo gari na trela vinavyokunjana. Kuna na wale wa “ongeza mafuta linyooke”. Kwenye mteremko? Unaongeza mwendo, na mwendo ndio unaolilisha hilo yumbo. Baada ya kushuka chini ya 60 likatulia, nikaingia pembeni, nikazima gari.

Shemeji akashuka, akazunguka trela lote, akatoa hukumu: “Ni upepo wa lile basi tu.” Kisha, nawaapia, akasema tuongeze uzito kidogo nyuma ili likae chini.

Upepo ulianzisha, ni kweli. Lakini trela lenye pua nyepesi ni sawa na mshale uliorushwa kinyume, likiguswa kidogo linatafuta kugeuka. Uzito ukiwa mwingi mbele ya ekseli linajirudisha lenyewe kwenye mstari. Ukiwa nyuma ya ekseli, kila yumbo linazaa kubwa kuliko lililotangulia. Kwa trela la boti, pua inatakiwa ibebe kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Kwangu hiyo ni kati ya kilo 54 na 108. Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, nikaenda kutafuta mizani.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kujisifu, mnivumilie.

Mizani ya bafuni kwetu ni ya mshale, mwisho wake kilo 120, na mwenye nayo ni mke wangu. Sikujua pua ina kilo ngapi, na sikuwa tayari kwenda kueleza jinsi boti ilivyovunja mizani. Dawa yake ni wenzo. Nilichukua ubao wa mbili kwa nne, nikakata vipande viwili vifupi vya nondo. Kipande kimoja nikakilaza juu ya tofali, kingine juu ya mizani, ubao ukalala juu ya vyote viwili. Kutoka nondo hadi nondo ni sentimita 90 kamili. Nikapiga mstari wa chaki kwenye ubao, sentimita 30 kutoka upande wa tofali, sentimita 60 kutoka upande wa mizani. Pua ikikaa juu ya chaki, tofali linabeba theluthi mbili na mizani inabeba theluthi moja. Unachosoma unazidisha mara tatu.

Uhondo uko kwenye sifuri. Ubao nao una uzito, kwa hiyo kabla ya kushusha pua nilizungusha kile kigurudumu kidogo cha mizani hadi mshale ukasimama kwenye sifuri huku ubao ukiwa juu yake. Kisha nikaweka magogo kwenye tairi za trela, nikasimamisha kipande cha bomba juu ya chaki, nikashusha pua kwa jeki hadi kikombe kikakalia bomba. Tofali na mizani nilikuwa nimevipandisha kwa vipande vya mbao mpaka kikombe kikawa kwenye kimo kile kile cha kuvutwa na gari. Msiruke hili, trela likiinama mbele au nyuma jibu linabadilika.

“Mizani ya bafuni, shem? Hiyo si ya watu?”

Mshale ukasimama kwenye 8. Mara tatu, kilo 24. Katika 1,080 hiyo ni kama asilimia 2. Nikamwomba shemeji asome mwenyewe. Akasoma, akasema mizani mbovu. Nikapanda mimi juu yake, ikasoma uzito wangu wa siku zote, ambao hauwahusu.

Kurekebisha hakukunigharimu kitu cha maana, boliti mpya na soda baridi tu. Matangi ya petroli yalihamia omo. Petroli lita 60 ni kilo 44 hivi, si mchezo. Kisha nikalegeza nguzo ya winchi, ile inayoivuta boti juu ya trela, nikaisogeza mbele sentimita 10 na kuivuta boti nzima ifuate. Hizo sentimita 10 peke yake ziliongeza karibu kilo 20 puani. Zilitibu na ugonjwa mwingine ambao hakuna profesa aliyeuona: tezi ilikuwa inaning'inia nje ya mbao za trela, na mashine yote imetundikwa hewani. Boti ikikaa hivyo muda mrefu sakafu yake inabonyea. Nikapima tena. 27. Mara tatu ni 81, asilimia 7 na nusu. Mteremko ule ule, mwendo ule ule, mabasi yakatupita, trela likakaa nyuma yetu limetulia. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: “Si nilikwambia gari haina shida?”

Angalizo la kurudi: matangi yakiwa matupu, kilo ishirini na kitu zinatoka puani. Mimi nahamishia nanga na sanduku la zana omo. Na msisahau kwamba uzito wa pua ni mzigo wa pikapu. Ukishajaza bodi saruji na abiria watano, kilo 81 hizo zinahesabiwa humo humo.

Kurudi kinyumenyume kumeandikwa sana, nitasema yangu mawili. Shika usukani kwa chini kabisa, pale penye namba 6 kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kushoto, trela linaenda kushoto. Ubongo unaacha kubishana. La pili, trela tupu la boti huwezi kuliona kabisa kutoka ndani ya pikapu, limejificha chini ya mlango wa bodi hadi limeshapinda. Nilifunga mabomba mawili ya plastiki, wima, kwenye pembe za nyuma za trela, na kitambaa chekundu juu. Sasa naona mabomba. Faida ya ziada ni wakati wa kuipakia boti, yanailazimisha ikae katikati hata mkondo ukiivuta. Watu dikoni, pale tunaposhushia boti majini, walicheka mabomba yangu. Msimu uliofuata nikayaona kwenye trela la mmoja wao.

Pale dikoni usikimbilie maji. Beringi za trela zimetoka safari ndefu, zina moto. Ukizitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Kisha grisi inageuka rangi ya maziwa na beringi inakufa barabarani, kwa kawaida usiku. Subiri hadi kiganja kikae juu ya habu, kitovu cha gurudumu, bila kuungua. Wakati unasubiri kuna kazi za kufanya: chomoa waya wa taa, fungua mikanda ya tezi (ya winchi iache, usije ukaishua boti kwenye zege), ondoa gongo linaloegemeza mashine, na uzibe nguruzi, lile tundu la kutolea maji botini. Kuna jamaa mmoja dikoni huwa anajisemesha kwa sauti “nguruzi, nguruzi” kama dua. Simcheki, kwa sababu anayeisahau huwa anakumbushwa na maji kwenye vifundo vya miguu.

Pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma, na zege la dikoni lina ukoga. Tumia magurudumu yote manne kwenye gia nzito tangu mwanzo, usingoje tairi zianze kuzunguka bure. Mtu mmoja au wawili wazito wakipanda bodi wanasaidia wakati wa kupandisha. Hapo shemeji ana manufaa yasiyopingika.

Maji ya chumvi, suuza siku hiyo hiyo: breki, springi, ndani ya rimu. Kesho ni kuchelewa.

Na tairi. Trela la boti husimama muda mrefu kuliko linavyotembea, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla hazijawa kipara. Fundi mmoja aliniambia langu moja “bado jipya kabisa” kwa kutazama meno yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kifremu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Langu lilisoma 1408, na ukilikunja kidogo kwenye ubavu unaona nyufa nyembamba zimezunguka duara lote. Nilibadili yote mawili pamoja na la akiba, kwa sababu la akiba lilikuwa pacha wao.